Sekunde Thelathini za Ukimya

Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, mwimbaji mmoja aliingia ndani ya kabati la nguo, akajifungia mlango na kuanza kurekodi wimbo wa nne wa albamu yake ya tatu.

Kwake halikuwa jambo la ajabu. Waliomzoea wanamwita Chiriku, jina alilobandikwa na shangazi yake tangu hajang'oka meno ya utoto. Albamu mbili za kwanza alizirekodi nyumbani, peke yake: anatunga, anapiga kinanda, anaimba, anachanganya sauti kwenye kompyuta. Studio hakuwa nayo. Alikuwa na kabati la ukutani katika nyumba ya shangazi, lenye nafasi ya mtu kusimama na maikrofoni, nguo zimening'inia kushoto na kulia.

Nguo zilikuwa za shangazi, aliyefariki wiki tano kabla. Moyo ndio uliomwondoa, lakini miezi minane ya mwisho alikuwa hawezi kutoa sauti. Daktari wa koo alitazama asione kitu. Shangazi akawa anaandika kila neno kwenye vikaratasi. Kabla ya kulazwa alibana vikaratasi kwa pini kwenye nguo zake, kila moja na jina la atakayeichukua, na mlangoni mwa kabati akaacha kimoja kikubwa: *Nikiondoka, zitoeni zote siku hiyo hiyo.*

Chiriku hakuzitoa.

"We Chiriku, nguo za marehemu mpaka lini?" aliuliza dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyepita asubuhi hiyo akielekea dukani kwake.

"Mpaka wimbo wa kumi, dada. Zinameza mwangwi. Nikiimbia sebuleni, sauti inagonga ukuta inanirudia. Humu hairudi."

"Na ikishamezwa inakwenda wapi?"

"Mifukoni, labda. Siku ukiona nimekosa sauti, njoo upekue mifuko."

Wakacheka. Fundi alikuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu.

Chiriku alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kila wimbo alisimama kabatini bila kusema, akarekodi sekunde thelathini za ukimya. Kila chumba kina mvumo wake, na sikio huuzoea mpaka lisiusikie. Kompyuta ikishaonyeshwa mvumo huo, inauondoa katika wimbo, na sauti ya mwimbaji inabaki safi.

Katika wimbo wa nne sauti yake ilinaswa chini kidogo. Akazungusha swichi ya kuongeza nguvu ya maikrofoni kutoka tatu hadi nne. Wimbo wa tano ulihitaji sita. Alibadilisha waya. Alipeleka maikrofoni kwenye meza ya chakula, akagonga kijiko kwenye kikombe; ilinasa vizuri. Akaongea yeye. Mshale wa kipimo cha sauti ulitikisika kidogo, ukalala.

Alhamisi, baada ya wimbo wa saba, dada yake alipiga simu.

"Sema kwa nguvu basi. Mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni."

"Unanong'ona, mdogo wangu."

Alikunywa maji ya vuguvugu, akapumzika Ijumaa nzima. Jumamosi na Jumapili alimaliza wimbo wa nane na wa tisa, swichi ikiwa kumi, mwisho wake. Ulibaki mmoja. Maneno yake yalikuwa daftarini. Hakuwa amemwimbia mtu wimbo huo.

Jumatatu ya pili, saa sita mchana, aliingia kabatini akarekodi ukimya kwa ajili ya wimbo wa kumi. Alipotoka aliangalia kompyuta. Ukimya huchora mstari ulionyooka. Huu ulikuwa na vilima.

Alivaa hedifoni, akapandisha sauti.

Alijisikia mwenyewe, akiimba wimbo wa nne, bila kinanda wala midundo. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya shangazi ikimfuata, ikivuta mwisho wa kila mstari kama ilivyokuwa ikivuta jikoni wakati wa kumfundisha. Na kabla ya kiitikio, mtu alivuta pumzi.

Pumzi hiyo ilikuwa karibu na maikrofoni kuliko sauti zote mbili.

Angeweza kufunga kompyuta akaondoka. Lakini alikuwa na nyimbo tisa mkononi, na mikono yake ilifanya ilichozoea. Aliionyesha kompyuta zile sekunde thelathini: huu ndio mvumo wa chumba, uondoe. Akachagua nyimbo zote tisa. Akabonyeza. Akahifadhi.

Akafungua wimbo wa kwanza. Kinanda kilikuwapo. Midundo ilikuwapo. Sauti yake haikuwapo.

Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Wa tisa.

Alifungua kinywa aseme, "Mungu wangu."

Hakikutoka kitu.

Alimwandikia dada yake neno moja kwenye simu: *Njoo.*

Fundi alifika na gauni la mteja bado begani. Chiriku aligusa koo lake, akaelekeza kidole kabatini; fundi hakuuliza mara mbili. Walitoa nguo moja moja, wakazipanga kitandani kwa majina yaliyokuwa kwenye vikaratasi. Sweta la binamu. Gauni la jirani. Mwisho kabisa, kwenye pembe ambayo Chiriku alikuwa akiegemeza mgongo, lilikuwa koti la sufu la kijivu.

Fundi aligeuza kola, akatazama mshono kwa jicho la kazi yake. "Huu mshono ni wa zamani sana. Shangazi alilikuta humu humu alipohamia, aliwahi kuniambia. Nilidhani alishalitupa."

Kikaratasi cha koti kilikuwa kimebanwa kwa ndani. Mwandiko ulikuwa wa shangazi. *Hili si langu.*

Jumatano daktari wa koo alimpima Chiriku. Aliandika: nyuzi za sauti ni nzima, hakuna kilichoonekana. Nyumbani, fundi alitoa kwenye droo cheti alichoandikiwa shangazi na daktari wa koo, akakiweka ubavuni mwa kile kipya. Sentensi ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni jina na tarehe.

Jumamosi koti lilichomwa moto nyuma ya duka la fundi. Lilikuwa la sufu nzito, lakini liliwaka bila moshi.

Jumapili saa tisa alasiri walirudi wawili katika nyumba ile. Kabati lilikuwa tupu, limebaki na fito tu. Chiriku aliweka maikrofoni katikati, akafunga mlango kwa nje. Wakahesabu sekunde thelathini kwa saa ya ukutani, akazima.

Kompyuta ilionyesha rekodi ya dakika tatu na sekunde arobaini.

Ulikuwa wimbo wa kumi, mzima, maneno ya daftarini. Mstari wa kwanza aliuimba Chiriku. Wa pili aliuimba shangazi. Kiitikio walikiimba watatu.

"Huyu mwingine nani?" fundi alinong'ona.

Chiriku alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Fundi alipoyaona alishikwa na hasira. Alifungua mlango wa kabati, akaingiza kichwa na mabega, akapiga kelele kwa sauti yake yote: "Mrudishie mdogo wangu sauti yake! Unanisikia? Mrudishie!"

Ukelele haukugonga ukuta. Haukurudi.

Chiriku alimshika kiuno, akamvuta nje. Usiku huo walilala kwa fundi.

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, duka la ushonaji lilifunguliwa. Chiriku alikaa kwenye benchi na daftari lake. Mteja wa kwanza aliulizia gauni lake. Fundi alimjibu. Mteja aliinamia meza, akamwomba arudie.

Fundi alirudia. Mteja alimwomba tena.