Nani Anawalisha Bakteria Wangu?

— Heledd, toka hapo! Usiguse hayo maji!

Sikugeuka. Sauti ya mchumba wangu Idwal, tunayefanya naye kazi maabara, naijua hata ndani ya handaki la mgodi. Nilikuja kuchota sampuli kama kila mwezi. Nje ilikuwa mchana na mvua ya Wales isiyojua kuchoka. Humu ndani giza, na maji yanang'aa kijani.

Nikawatambua. Bakteria wale niliwaunda mimi, kwa shahada yangu ya uzamivu, ili wale zinki inayotoka mgodini humu na kuua samaki wa mto wetu. Wakishiba, wanang'aa. Lakini hawana ruhusa ya kutoka maabara! Na wanaishi kwa sukari maalumu tunayowapa sisi tu. Wakiikosa siku mbili, wamekufa.

Basi kuna mtu alikuwa anawalisha.

— Ni wewe?

— Hele, mpenzi...

— Jibu!

— Ulilia mwezi mzima. Kibali cha kuwajaribu nje kinachukua miaka minne, na masomo yako yanaisha mwakani. Nikasema nikuletee matokeo, iwe zawadi ya harusi.

— Zawadi! Wenzako wananunua vyombo, Idwal!

— Nimekupenda vibaya. Nisamehe.

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia, vyote pamoja. Simu ikalia. Ujumbe wa Profesa Meurig, msimamizi wetu: "Heledd, mkulima anasema maji ya zizini kwake yanang'aa. Kondoo wameyanywa. Unajua lolote?"

— Mwambie hujui, Idwal akanong'ona. Tutafukuzwa wote. Nikiacha kuwalisha watakufa wenyewe.

— Mara ya mwisho uliwalisha lini?

Akageuka kuelekea mlango wa handaki.

— Lini, Idwal?

— Wiki tatu zilizopita.

Nikayatazama maji. Kijani mpaka mwisho wa handaki. Hawakuwa na haja nasi tena, na mimi niliogopa kama mtoto. Nikampigia Profesa.

— Profesa, ni bakteria wangu. Tumewatoa sisi.

— Sisi nani?

Idwal akaninyang'anya simu. Nikadhani anaitosa majini.

— Mimi peke yangu, Profesa. Heledd hakujua hata kidogo. Tunakuja.

Akakata, machozi yanamtiririka.

— Na harusi, Hele?

— Usiniulize leo. Nishike mkono tutoke.

Akaninyooshea mkono. Kiganja kizima kilikuwa kinang'aa kijani.

Nikakishika hivyo hivyo.