Mashine Isiyooshwa

Waliokuwepo uani mchana ule walikuwa wanne. Wa kwanza ni mjane mwenye nyumba, aliyekuwa akiuza mashine ya boti ya marehemu mumewe. Wa pili ni mvushaji wa abiria aliyekuja kuinunua. Kwa wembamba wake, watu walimwita Sindano. Wa tatu ni dada yake. Wa nne ni mume wa huyo dada, fundi wa mashine za boti.

Mashine ya kwanza ya Sindano ilimzimikia katikati ya mkondo, akaokolewa kwa taabu. Tangu hapo dada yake alikuwa amemwapisha mumewe kuikagua ya pili mpaka skrubu ya mwisho.

"Kaka ninaye huyu mmoja tu," alimwambia tena pale uani. "Akizama, nyumbani usirudi."

"Shemeji atazamaje? Maji yenyewe hayamwoni."

"Kagua, bwana," Sindano akajibu. "Dada yangu alikukubali kwa huruma tu."

Fundi alichomoa plagi, akaziweka juu ya kitambaa, akaziba tundu la silinda kwa kidole gumba, akavuta kamba ya kuwashia. Upepo ulikisukuma kidole kwa nguvu, ishara kwamba pumzi ya mashine ipo. Akafungua giaboksi: oili ilikuwa nyeusi, si nyeupe kama maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia. Akazungusha rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma boti. Halikuyumba.

Kitu kimoja hakikumpendeza. Njia za maji ya kupoza zilikuwa zimejaa chumvi, na haikuwa ya baharini. Ilikuwa ya jikoni, imeshindiliwa kwa kijiti.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Marehemu," mjane akanong'ona. "Na mimi baada yake. Usiioshe kwa maji matamu, mwanangu. Ikiwa na chumvi, anatulia."

"Anatulia nani?"

"Aliyemo ndani," mjane akajibu.

"Hata mimi nikishindiliwa chumvi hivyo nitatulia," Sindano akasema. "Kaburini."

Fundi hakucheka. Chumvi hula mashine, na hakuwa tayari kumpeleka shemeji yake mkondoni na mashine ambayo hajaiona ikitema maji ya kupoza. Akaifunga kwenye pipa la maji ya mvua, akazizibua zile njia kwa waya, akamimina ndoo baada ya ndoo mpaka chumvi yote ikatoka.

Ilianza harufu ya nywele zinazoungua. Kisha mkoromo, kama wa mtu aliyelala chini ya maji. Plagi zilikuwa bado juu ya kitambaa, mpira wa petroli haujaunganishwa, na mashine ikawaka.

"Zima!" mkewe akapiga kelele.

"Nizime nini? Haina moto!"

Kamba ya kuwashia ikachomoka yenyewe, ikajizungusha kwenye kifundo cha mkono wa fundi, ikamvuta, naye akang'ang'ania ukingo wa pipa kwa mkono wa pili mpaka miguu ikateleza, na hapo rafadha ikampokea, ikala vidole, ikala kiganja, maji mekundu yakarukia kuta na nguo zilizoanikwa, na ndani ya ngurumo ile sauti nzito ya kiume ikasema taratibu, kama ya mgeni aliyekaa sebuleni, "Mlinitia kiu. Nipeni maji." Sindano akamrukia shemeji yake, akamkumbatia kiunoni, akavuta mpaka mfupa ukalia na kamba ikakatika, na pipa likapasuka, maji yote yakampiga Sindano usoni, yakamwingia mdomoni, akayameza.

Mjane alikuja na gunia la chumvi, akalimwaga lote juu ya mashine. Ikanyamaza.

Hospitalini fundi alikatwa mkono juu ya kifundo, lakini akapona. Sindano hakuwa na hata mchubuko. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akaomba maji. Akamaliza jagi, akaomba la pili, kisha la tatu, kisha akainuka akaenda kuweka mdomo kwenye bomba.

"Kaka, basi," dada yake akanong'ona, akimvuta shati. "Tumbo litapasuka, kaka!"

Aligeuka, damu na maji vikimtoka puani.

"Bado," akasema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, akarudi bombani. Wauguzi watatu hawakuweza kumbandua.

Sindano alifariki jioni hiyo.