Jiwe Ambalo Kobia Hakulirudisha

Mnisikize vizuri. Kobia ni ndugu yangu wa tumbo moja, na sitaki mtu aseme ninatunga.

Jumamosi moja ya Aprili tulishuka mtoni, chini ya shamba letu huku Kanyakine, kushika kaa. Sisi hatuwali. Ni mchezo wa familia tu: unainua jiwe, kaa anatimka, unamdaka mgongoni, mnashindanisha aliye mkubwa, kisha wote wanarudi majini. Kendi, mtoto wa pekee wa Kobia, miaka sita, alicheka mpaka kwikwi ikamshika.

Marehemu baba alituwekea sheria moja: jiwe uliloinua, lirudishe lilivyolala, maana chini yake ni kwa mtu. Hakusema kwa kaa. Alisema kwa mtu.

Kobia akainua jiwe jeusi, kubwa. Chini hapakuwa na kaa. Palikuwa na mchanga uliobonyea, kama kitanda kilicholaliwa. Mvua ikaanza.

"Rudisha," nikamwambia.

"Aa, wewe nawe! Twende, mtoto atalowa."

Jumapili tukitoka kanisani tulikuta sufuria zote zimepinduliwa, sakafu imelowa. Beverlyne, mke wa Kobia, akamlaumu paka. Paka! Jumatatu ikawa viatu kwenye korido. Jumanne, kiti kilicho mlangoni pa Kendi, miguu juu. Kuna kitu kilikuwa kinatafuta pa kulala, na kilikuwa kinamkaribia mtoto wetu.

Jumatano mchana godoro la Kendi likapinduliwa. Kobia hakungoja chakula. Tulikimbia mtoni, tukalishika lile jiwe wawili, tukalirudisha. Likatulia pale pale pake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikilia.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Beverlyne alikuwa nje anaanua nguo. Godoro lilikuwa limerudi kitandani. Kendi alikuwa chini ya kitanda, mikono mdomoni.

"Toka, mama," nikamnong'oneza.

"Hapana, anti."

"Mbona?"

"Msiinue godoro tena. Amelala."

Kobia alimvuta, akamkumbatia. Godoro tulilichoma siku hiyo hiyo.

Sasa Kendi analala katikati ya wazazi wake. Kila asubuhi Beverlyne akitandika, anakuta mchanga wa mtoni kwenye shuka, hapo katikati, umelowa. Umebonyea mahali pawili. Padogo ni pa Kendi.