Ua la Bonde Moja

Ua lile halikuota popote ila kwenye bonde moja la mchanga, nalo bonde halikuzidi uwanja wa mpira. Mtaalamu wa mimea alifika na mumewe, aliyekuwa pia dereva wake, jua likielekea kuzama. Kazi ilikuwa ndogo tu: kuchukua ua moja, kulibana kati ya magazeti, kurudi nyumbani.

"Kata juu tu, mama," mchunga ngamia alimwonya walipompita. "Mzizi uache ulipo."

Lakini bosi wake alishamrudishia sampuli mbili kwa kukosa mzizi, na mama huyu hakupenda kabisa kurudia kazi.

"Umesikia alichosema mzee?" mumewe akauliza.

"Nimesikia. Yeye ana ngamia wake, mimi nina bosi wangu."

Mumewe akacheka. Mama akavuta.

Mzizi ukatoka... ukatoka... hauishi. Ikapanda harufu ya udongo uliolowa, mahali ambapo mvua haikunyesha miaka mitatu.

Chini ya mchanga, kitu kikameza.

"Nina kiu," mumewe akanong'ona.

Akamaliza chupa. Akamaliza dumu zima, maji yakimtiririka kifuani, na midomo bado inapasuka. Macho yakamtoka pima.

"Bado, mke wangu... bado..."

Akaanguka.

Mama akaufukia mzizi kwa mikono miwili, analia, anaongea na mchanga kama mwehu. "Nisamehe. Nirudishie mume wangu. Nirudishie!"

Harufu ikakata. Mumewe akainuka, akapangusa suruali, akawasha gari kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alimshukuru Mungu njia nzima.

Wiki tatu sasa. Mume ni mzima wa afya, tena mpole kuliko zamani. Ila hajanywa hata tone la maji. Kutwa husimama uani, uso ameuelekeza juani, na mkewe hamuulizi kitu, kwa sababu anaogopa kujibiwa.

Leo jioni simu ikalia. Mchunga ngamia.

"Mama, namba nimeisoma kwenye dumu mlilosahau. Mbona ulimwacha mumeo huku? Yuko bondeni, amekonda, analilia maji."

Akachungulia dirishani. Uani hapakuwa na mtu.

"Mpe maji," akanong'ona. "Nakuja sasa hivi."

Mlango wa nyuma ukafunguka taratibu.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"