Mchumba Aliyekaa Eda Chuoni

"Mwanao yuko edani, Maimuna! Tuambie, mume aliyemfia ni nani?"

Bi Mwanaima alikuwa ameshika kiuno kwenye ua, na kijiji kizima cha Munje kilishatega sikio. Upande wa pili, Bi Maimuna aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mwanapili wangu hajaolewa, atafiwa na mume gani? Si mwanao Feisal ndiye aliyemposa?"

"Na binti akaomba nikaha isogezwe. Miezi minne na siku kumi! Hiyo si hesabu ya eda ya mjane, jirani?"

Akasukuma simu mbele. Pichani Mwanapili amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, macho hayana hata wanja.

"Sikukuu ya Idi alipokuja nikamfukizia udi, akakimbia kama nimemchomea pilipili. Mjane huyo! Posa naivunja leo."

Feisal, fundi wa sola wa mahoteli ya Diani, alikuwa amesimama nyuma ya mamake. Sasa akapiga simu, sauti wazi, watu wasikie.

"Mwanapili, kama uliolewa huko chuoni, niambie. Nitaumia, lakini nitaondoka kwa salama."

Kicheko kikasikika simuni.

"Nimeolewa na mashine, Feisal! Tunatengeneza semikondakta, vile vipande vya kuongoza umeme, lakini vyetu vinastahimili joto kali. Chembe moja ya poda au moshi wa udi ikiingia, kazi ya mwezi imekwenda. Ndiyo maana ya zile nguo, na wanja ni marufuku."

"Na hiyo miezi minne na siku kumi?"

"Ndiyo zamu niliyopewa kwenye mashine. Ningeiacha, shahada ingenipita."

"Mbona hukuniambia?"

Sauti ya Mwanapili ikapungua.

"Vipande vitatu vya kwanza viliungua. Mamako alishasema msomi hajui kupika. Angesikia na chuoni nashindwa, ningeuweka wapi uso?"

Bi Mwanaima akatazama chini.

"Na cha nne je?" Feisal akauliza.

"Jana kimekaa kwenye nyuzi joto mia tatu tangu asubuhi hadi magharibi. Kizima!"

"Mia tatu? Vyangu vya sola juu ya paa havifiki hata mia!"

Feisal alicheka huku akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nikaha Ijumaa?"

"Ijumaa. Zamu imekwisha, niko njiani hapa Kombani, nakuja. Na leo wanja nimepaka mpaka umepitiliza."

Majirani wakapiga vigelegele. Bi Mwanaima akabaki anavuta ncha ya leso.

"Maimuna, nimekukosea. Mdomo wangu huu... Nisamehe, dada."

Bi Maimuna alimwacha asimame juani kidogo, aonje aibu yake. Kisha akaufungua mlango wa ua.

"Ingia ndani tule, wali wa nazi ushaiva. Kugombana tutamalizia tukishiba."