Kiraka cha Mkononi mwa Wifi

Mimi sinywi chai ya maziwa, na ukoo mzima unajua. Maziwa yakipoa yakaota ule utando wa juu, ukajikunja ukingoni mwa kikombe, mimi natoka nje. Zamani walinicheka. Kaka yangu alikuwa akiuvuta kwa kidole makusudi, anaunyanyua mbele ya macho yangu, kisha anaumeza huku ananitazama. Siku hizi hata yeye ameacha, kwa sababu anayajua yaliyompata mkewe.

Mkewe, yaani wifi yangu, ni mchoraji. Si wa vijipicha vya sebuleni. Yeye huchora vitu vikubwa: kuta za shule, mageti, matangi ya maji. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa pasi na sindano, na sipendi uchafu. Akija kwangu huja na rangi hadi kwenye masikio, nami humtandikia gazeti kabla hajakaa. "Wifi, na dawa ya wadudu hunipulizii?" huniuliza. Tunapendana hivyohivyo.

Siku yalipompata, kulikuwa na tamasha la muziki kwenye uwanja wa mpira. Waandaaji walisimamisha mbao kubwa kando ya jukwaa, kila mchoraji na ubao wake, wachore huku bendi zinapiga na watu wanatazama. Atakayeshangiliwa zaidi jioni angepewa ukuta wa nje wa uwanja auchore wote. Wifi alikuwa akiutamani ukuta ule tangu hajaolewa. Aliniomba nimsaidie kuosha brashi. Nilipotokea na aproni na glavu za jikoni, alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Alikuwa anachora uso wa mwanamke anayeimba, mdomo wazi, kichwa kimeinuliwa. Paji la uso lilikuwa limekamilika, na shavu moja. Ndipo mlevi mmoja akaja akicheza kinyumenyume, akaupiga teke mkebe wa rangi ya kahawia. Nyasi zikainywa yote.

Rangi ya ngozi huwezi kuichanganya mara ya pili ikatoka ileile. Wifi aliutazama mkebe, akaniangalia, nikaona machozi yanamlengalenga.

"Chukua hii, mwanangu."

Alikuwa mzee wa ubao wa jirani. Wachoraji wenzake walimwita Babu Makoti, maana hata jua liwakeje, koti halimtoki, tena limefungwa hadi shingoni, na glavu mikononi. Tangu asubuhi hakuwa amechora hata mstari mmoja. Alikuwa ameshika ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Humu imo rangi ya mtu yeyote," alisema. "Jaribu mkononi kwanza. Ikikukubali, ni yako."

Wifi alishukuru kwa magoti. Akafungua.

Rangi iliyokaa huota utando, kama maziwa; mchoraji huuondoa akautupa, kazi ikaendelea. Wifi aliupenyezea kile kichuma bapa cha kukwangulia, akaunyanyua. Haukukatika. Ulitoka mzima, mnene, unaning'inia, chini unateleza kwa ute. Akaurusha miguuni pangu bila kuangalia. Nikaruka nyuma. Lakini siwezi kuacha taka chini, ndivyo nilivyo, nikainama kuuokota kwa kitambaa. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na nywele.

Bendi ilikuwa inapiga, nikamnong'oneza sikioni. "Wifi, hii ina nywele. Tena za mvi."

"Brashi zinanyonyoka, wifi. Acha kinyaa chako."

Nikaufunga kwenye kitambaa na kuutia mfukoni mwa aproni. Pipa la taka lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na watu walikuwa wamejaa.

Wachoraji wana namna yao ya kupima rangi ya ngozi. Hujipaka doa kwenye mkono wao wenyewe. Doa likionekana, rangi bado. Likipotea, rangi imekaa. Wifi alichovya kidole, akajipaka ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Doa lilipotea palepale. Nilipotazama tena sikuweza hata kukisia lilikuwa wapi. Upande wa pili, Babu Makoti alikuwa anafungua vifungo vya koti lake.

Wifi akapanda ngazi, akaanza shavu la pili. Mungu wangu, lile shavu! Watu waliacha kutazama jukwaa wakamgeukia yeye. Simu zilinyanyuliwa. Wifi alikuwa anacheka peke yake huku brashi inakwenda, na mimi nilifurahi naye. Nilisahau kabisa kilichokuwa mfukoni mwangu.

Kisha nikaona nzi.

Paji la uso lililochorwa asubuhi halikuwa na hata mmoja. Wote walitua kwenye shavu jipya. Walitembea, wakasimama, wakasugua miguu. Rangi haikukauka. Jua lote lile, na haikukauka. Juu ya mdomo wa picha yalitokea matone madogomadogo. Nikadhani ni maji ya brashi. Nikasogea. Lilikuwa jasho, linanuka kwapa.

Upepo ukavuma. Shavu likasisimka, lote, vipele kwa vipele.

"Wifi, shuka."

"Namalizia kidevu."

"Shuka sasa hivi!"

Alishuka akiwa amekasirika, akijifuta mkono wa kushoto kwa kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Kitambaa kikateleza. Ngozi ikaja nacho. Ilijikunja kuelekea kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama utando kwenye kikombe. Hakupiga kelele, kwa sababu hakuumia. Chini yake hapakuwa na damu wala nyama. Palikuwa peupe, pakavu, kama ubao uliopakwa rangi ya kwanza ukisubiri kuchorwa.

Nilitapika kwenye ndoo ya brashi.

Nilipoinua kichwa, weupe ulikuwa umepita kiwiko. Ulikuwa unapanda. Wifi alikuwa anautazama kwa mdomo wazi, sawasawa na yule mwanamke wa ubaoni.

"Wifi," alininong'oneza, "ukifika usoni?"

Nilimtafuta Babu Makoti. Alikuwa tayari mbali, anapenya katikati ya watu, mikono wazi. Mikono yake ilikuwa laini, ya kahawia, inang'aa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Koti lilikuwa chini kando ya ubao wake. Ndani ya mikono ya koti lile kulikuwa na unga mweupe mtupu.

Nikachukua kile kichuma, nikapanda ngazi, nikakwangua lile shavu jipya. Wifi alipiga ukelele ambao spika zote za uwanja hazikuuzima. Mstari mwembamba wa damu ukashuka ubaoni.

Basi nikaelewa. Kilichokuwa ubaoni kilikuwa chake wifi, ngozi yake mwenyewe. Hakitaki kukwanguliwa. Kinataka kurudishwa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilivua glavu, kwa sababu zilikuwa zinateleza. Mimi, nisiyeweza kukaa meza moja na kikombe cha chai, nilitia kucha pembeni mwa shavu na kulibandua. Lilitoka kwa sauti ndogo ya kunyonya. Lilikuwa zito. Lilikuwa na unyevu, na lilipumua kiganjani mwangu. Nilishuka nalo nikiwa nimefumba macho nusu, nikalitandaza kwenye mkono wa wifi, upande wa ute chini. Kisha nikalikanda kama ninavyobandika gamu, kile kitambaa cha kukazia, kwenye kola: kuanzia katikati, kwenda pembeni, kiganja kizito, hewa isibaki, mkunjo usibaki. Nikapanda tena. Nikabandua kidevu. Wifi alilia bila sauti. Nilikuwa natapika na kukanda, natapika na kukanda.

Umati ulidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Walishangilia kama wendawazimu.

Weupe ulirudi chini. Bega likakaa, kiwiko kikakaa. Lakini ubaoni hapakuwa tena na cha kubandua, na chini ya kiwiko, palepale alipojipaka doa, palibaki nafasi ya ukubwa wa kiganja. Tayari kingo zake zilikuwa zimeanza kujikunja upya.

Ndipo kitu kikanisogea mfukoni mwa aproni.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilifungua kitambaa, nikautoa ule utando wenye mvi, nikaubandika, nikaukandamiza kwa viganja viwili mpaka ukanyamaza.

Ulishika.

Wifi alipewa ule ukuta. Alikuwa ameshangiliwa kuliko wote, na ahadi ni ahadi. Ameujaza ndege na maua, hakuna mtu hata mmoja. Mkono wake umepona. Ukiutazama kwa mbali huoni kitu. Ukikaribia utaona kiraka chini ya kiwiko, ngozi ya mzee, ina mikunjo na madoa ya uzee, na mvi zake hazikomi kuota. Kaka yangu humnyoa kila akioga, kisha anaosha wembe na kulala akiwa amempa mgongo.

Wiki iliyopita wifi alikuja kwangu. Nikamtandikia gazeti, akakaa, lakini hakunitania. Akapandisha mkono wa blauzi.

"Kinawasha, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nikikikuna sisikii chochote. Naona kama anayesikia ni mtu mwingine."

"Usikikune tena," nikamwambia. Nilichukua mkasi wangu wa kukatia nyuzi nikamkata kucha zote, moja baada ya moja, mpaka karibu na nyama. Akalala kwangu, kitanda kimoja na mimi, mkono nimemfunga kwa kitambaa safi na kukishona mwenyewe ili asiweze kukifungua.

Asubuhi nilikifumua. Mshono wangu ulikuwa vilevile, hakuna uzi uliolegea. Juu ya kiraka kulikuwa na michirizi minne mirefu ya kucha, mibichi, inavuja damu.