Ndimu ya Nabiha katika Basi la Malindi

Mkono wa mume wangu ulikuwa umeshika mkono wa Nabiha!

Asubuhi kweupe! Kwenye ngazi za basi! Na mimi, mkewe wa ndoa, nimesimama hatua tatu nyuma yao, nimejifunika buibui uso mzima…

Wasomaji wangu, juma lililopita mliniuliza mtu afunge nini katika safari yake ya kwanza. Nitawajibu. Lakini jibu langu limo ndani ya safari hii ya mwaka 1968, kwa hivyo nivumilieni. Nachapa kwa kidole kimoja.

Mimi ni Mwanakuu, wa Mji wa Kale, Mombasa. Mwaka ule nilikuwa nikihudhuria kisomo cha watu wazima huko Bondeni, kila alasiri, daftari kwapani. Mume wangu, Taha, alikuwa karani bandarini Kilindini.

Nabiha ni nani?

Ni mwanamke aliyeposwa na Taha kabla yangu. Siku kumi kabla ya nikahi, posa ikavunjwa. Wazee wa pande zote mbili wakafunga vinywa, na mtaa ukabuni sababu zake.

Tangu nilipoolewa, jina hilo sikutaka kulisikia nyumbani kwangu. Siku moja Taha alilitaja tukiwa tunakula. Nikainua bakuli la mchuzi, nikalivunja ukutani. Hakulitaja tena.

Kisha Nabiha, aliyekuwa ameolewa kwingine, akapewa talaka, akarudi kukaa kwa shangazi yake, Makadara. Dakika tano kutoka mlangoni kwangu!

Alhamisi moja, nikitaka kufua kanzu ya Taha, nikakuta karatasi mfukoni. Mwalimu alituagiza tusome kila maandishi tuyaonayo. Nikasoma, herufi kwa herufi:

"Jumamosi. Basi la Malindi, saa moja asubuhi. Usichelewe. Nabiha."

Hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoisoma peke yangu maishani mwangu…

Jumamosi Taha aliamka mapema.

"Waenda wapi?"

"Kilindini. Meli mbili zimeingia."

"Jumamosi?"

"Meli hazijui Jumamosi, Mama Afaf."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Mlango ulipofungwa tu, nikamwacha binti yetu kwa jirani, nikavaa buibui la kuazima, nikamfuata.

Nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya gurudumu la nyuma. Usiketi hapo, msomaji wangu! Wala usipande basi baada ya kula mahamri na mbaazi kwa hasira, kama nilivyofanya mimi.

Walikuwa viti viwili mbele yangu. Basi lilipovuka daraja la Nyali, Nabiha akafunua uso. Mbele ya mume wangu! Wakanywa chai katika kikombe kimoja.

Nikapiga hesabu yangu. Mwanamke wa Mji wa Kale, miaka ile, hakufunua uso mbele ya mwanamume anayeweza kumuoa. Baba yake si huyu. Ndugu yake si huyu. Basi ni mumewe! Wameoana kwa siri!

Tulipopita Mtwapa tumbo likapanda kooni. Nabiha akageuka.

"Moyo wakuchafuka, dada?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti yangu wangeitambua.

"Shika ndimu hii. Ikwaruze kwa kucha, unuse. Na utazame mbele, usitazame miti ya ubavuni."

Nikanusa. Moyo ukatulia… na nikazidi kumchukia. Hata ndimu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu!

Kilifi abiria wote walishuka, ili basi lipande feri tupu. Taha akamshika Nabiha mkono tena. Uzalendo ukanishinda. Nikafunua uso.

"Nabiha! Mwizi wa waume we!"

"Mwanakuu?" Taha aliduwaa. "Wafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuwapa mkono wa fungate!"

Watu wakaangua kicheko. Utingo wa basi, Chirau, akapaza sauti: "Akina mama, feri haingoji ugomvi!"

Sikumsikia. Niliupokonya mkoba wa Nabiha. Ndani mlikuwa na kichupa kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Na marashi ya kumtilia mume wangu umebeba!"

Nikakipiga juu ya mawe. Paa!

Nabiha akapiga magoti. Hakunitukana. Alikuwa akiuzoa mchanga ule uliolowa kwa viganja vyake viwili, akilia. Haukunukia marashi. Haukunukia chochote.

Nyuma yetu feri ikaondoka, na basi letu juu yake.

"Yalikuwa maji ya zamzam," Taha alisema kwa sauti ndogo. "Ya kumtilia Bi Mwanakhamis kinywani. Yumo katika kukata roho huko Malindi. Mama yetu."

"Mama yenu nani? Mamako si alikufa?"

"Aliyenizaa ndiye aliyekufa. Alipougua baada ya uzazi, Bi Mwanakhamis alininyonyesha. Miaka mitatu baadaye akamnyonyesha na Nabiha. Hakuna aliyeyaunganisha hayo mpaka alipokuja kutoka Malindi kwa matayarisho ya harusi yetu na kuuliza bwana harusi ni nani. Sisi ni ndugu wa ziwa moja, Mwanakuu. Hatuoani. Hatufichani uso. Wazee waliona aibu, wakanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Ukavunja bakuli."

Wasomaji wangu… ndugu wa kunyonya sikuwatia kabisa katika hesabu yangu. Mimi, niliyefunzwa hukumu hiyo katika chuo cha Kurani tangu utotoni!

Tuliingojea feri nyingine, kisha basi jingine. Tulifika Malindi baada ya alasiri. Kabla ya kupiga hodi, harufu ya karafuu maiti ilitupokea mlangoni.

"Amewangoja mpaka adhuhuri," mwanamke mmoja akatuambia. "Watoto wake mwenyewe hawakuishi. Kila mara aliuliza kama basi limeingia."

Nabiha hakunitazama siku ile, wala siku ya pili. Siku ya tatu, tukirejea Mombasa, nilikwenda kuketi peke yangu nyuma, juu ya gurudumu. Akaja, akasimama mbele yangu.

"Si juu ya gurudumu, wifi."

Akanipisha kwenye kiti cha mbele. Akanitilia ndimu kiganjani.

Basi jibu langu ni hili. Funga leso ya akiba, maji ya kunywa na ndimu mbili. Lakini kabla ya kufunga mkoba, muulize unayemshuku, kisha umwache amalize kusema.

Hadi leo, yeyote anayesafiri kutoka nyumbani kwangu namtilia ndimu mfukoni. Wao hudhani ni ya kichefuchefu.